Msibebe Mgonjwa Kimya

Masika yaliyopita nilikuwa napalilia viazi vyangu pale juu ya njia, nikawaona vijana wanne wa jumuiya yetu wanashuka na machela. Juu yake kuna mtu, amefunikwa gubigubi kwa ajili ya mvua. Hakuna aliyetoa sauti. Mmoja wenu, anajijua, alikuwa na vile vijidude vya muziki masikioni. Nikaweka jembe chini. Nikavua kofia, nikapiga ishara ya msalaba, nikaanza kumwombea marehemu ambaye hata sikumjua ni nani.

Kisha blanketi likakohoa.

Yaliyonitoka mdomoni baada ya hapo mnayakumbuka, na mama zenu wameyafikisha kwa paroko. Paroko akaniita. Akasema, "Mzee Kandidi, umri wako na matusi yale haviendani. Kama una la kuwafundisha, liandike, walisome kwenye jumuiya." Sawa. Shule niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe nilikaa nusu. Lakini nyumba ya matofali ninayo, niliijenga kwa kupasua mbao, na kwa miaka thelathini na kitu nilikuwa kiongozi wa machela wa Jumuiya ya Mtakatifu Yosefu. Watu niliowashusha kwa bega hili hadi barabarani siwezi kuwahesabu. Kwa hiyo someni. Asiyetaka kusoma akae asikilize wenzake wakisoma.

Mnadhani machela ni mambo ya zamani kwa sababu mna bodaboda. Bodaboda ni nzuri, kiangazi. Masika yakiingia na ule udongo mwekundu wa mteremko wetu ukishalowa, nimeona kwa macho yangu pikipiki ikishuka peke yake huku mwenyewe amekumbatia mti. Mama mwenye uchungu hamtampakia hapo. Mtarudi kwenye miti miwili na gunia, mtake msitake.

Miti iwe ya mkaratusi mchanga, ianikwe chini ya paa hadi ikigongwa ilie. Mibichi ni mizito na inateleza begani. Kamba iwe ya mkonge, na mkiifunga ikiwa kavu iachieni nafasi ya kidole kimoja, maana ikilowa inajikaza na mgonjwa atajiona kama mzigo wa kuni. Begani wekeni ngata ya majani makavu ya mgomba. Mkishuka, warefu wakae mbele. Mkipanda, warefu warudi nyuma. Na msitembee kwa hatua moja kama askari wa gwaride. Kila mtu aende na mguu wake, machela itulie.

Hilo la mguu nilifundishwa na Mzee Titu, aliyekuwa kiongozi kabla yangu, mtu mwenye nundu begani kama fahali. Siku yangu ya kwanza nilijitahidi kwenda sawasawa na wenzangu, nikidhani ndio ustadi. Mzee Titu akaja karibu na sikio langu. "Wewe Kandidi, unabeba mtu au unatwanga mahindi?" Mgonjwa mwenyewe akajibu kutoka juu, "Anatwanga, Mzee, na mimi ndiye mahindi."

Saa hatukuwa nayo. Tulikuwa na rozari. Tendo moja, yaani Salamu Maria kumi, likiisha, wanne wapya wanaingia chini ya miti kabla wanne wa zamani hawajatoka, na machela haigusi chini. Mzee Titu akichoka, Salamu Maria zake zilianza kukimbia. Tulimjua. Tukisikia zinakimbia tulisogea karibu, tuko tayari kumpokea.

Tulibeba kila aina ya watu. Kulikuwa na mwenye duka mmoja, mnene, mguu umevimba hata kiatu hakiingii. Njia nzima alitufundisha kubeba: inueni huku, teremsheni kule, ninyi mnanikosesha pumzi. Tulipofika kwenye gogo la kuvukia mto akachungulia chini, akapiga kelele, "Nishusheni!" Akavuka kwa mguu ule ule uliovimba, upesi kuliko sisi. Ng'ambo akajilaza tena, akafumba macho, akasema, "Haya, endeleeni."

Lakini sijashika kalamu kwa ajili ya kucheka. Nimeishika kwa ajili ya kimya.

Mgonjwa huku milimani anabebwa kwa sauti. Kiongozi anatangulia, anaita: "Mgonjwa! Mgonjwa! Mabega!" Walioko mashambani wanaitika, wanaacha majembe, wanakuja kupokea, wanabeba hadi mwisho wa kitongoji chao. Wa kitongoji kinachofuata wanakuwa wameshasikia, wanangoja. Hapo hakuna aliyewahi kumuuliza mwenzake dini. Mlutheri anabeba, Mwislamu anabeba, na ukifika wewe kwao unabeba wa kwao. Maiti ndiyo hubebwa kimya. Maiti ikipita watu wanasimama palepale walipo, hawasogei, mpaka ipite. Kwa hiyo sauti ile inaita mabega, na pia inawaambia watu kwamba huyu ni mzima bado. Hata mgonjwa mwenyewe inamwambia.

Mzee Titu alinifundisha hayo yote. Nikayajua, na siku moja nikayaacha kwa makusudi.

Chanzo kilikuwa kikao cha viongozi wa jumuiya baada ya misa. Jumuiya yetu iko juu kabisa, mwisho wa njia. Kwenda barabarani tunashuka hadi mtoni, tunapanda ule mgongo wa ng'ambo ambako kuna kanisa la kigango na watu wa Jumuiya ya Mtakatifu Anna, halafu tunashuka upande wa pili. Mwenyekiti wa Mtakatifu Anna alikuwa Benedikto, rika langu, tumefundishwa komunyo pamoja. Tulipofika kwenye habari za wagonjwa akasimama.

"Mimi nina swali kwa ndugu zetu wa Mtakatifu Yosefu," akasema. "Mdomo wenu mrefu, mabega yenu mafupi. Wagonjwa wenu mnawafikisha mtoni tu. Kutoka mtoni hadi barabarani ni sisi. Kwa nini tusiandike jina la jumuiya yetu kwenye hiyo machela yenu?"

Watu walicheka. Paroko wa wakati ule alijifanya anafungua kitabu. Ulikuwa utani, na utani kati yetu na wao haujaanza siku hiyo. Lakini mimi ni mtu niliyejitengeneza mwenyewe, sikuzoea kuambiwa nimebebewa. Nikaenda na neno lile nyumbani, nikalala nalo, nikaamka nalo.

Haikupita muda, Skolastika akashikwa na uchungu. Skolastika ni mke wa Filbert, jirani yangu, na ilikuwa mimba yake ya pili. Alianza alfajiri. Kulipokucha mama mkwe wake, Bibi Veronika, akanijia mlangoni hata salamu hakumaliza. "Kandidi, mtoto hakai vizuri. Leta watu."

Simu wakati ule walikuwa nazo wachache, na bondeni kwetu mtandao haukushika. Jana yake Filbert alikuwa amesikia kwamba mfanyabiashara wa mboga ataleta pikapu kupakia kabichi pale barabarani. Tukamtuma mtu mbio akamwambie dereva atusubiri, tunaleta mama mjamzito. Dereva alikubali. Gari lilikuwepo, na tulikuwa wanaume kumi na wawili wenye afya. Kila kitu kilikuwa tayari.

Tukamlaza Skolastika. Mvua ya manyunyu, ukungu umeshuka hadi kwenye migomba. Bibi Veronika akavuta blanketi akamfunika hadi kichwani asilowe. Filbert akashika mti wa mbele. Mimi nikasema, mbele ya wote:

"Leo hakuna kuita. Rozari kila mtu moyoni mwake. Tunafika barabarani kwa mabega yetu wenyewe. Benedikto atatuona tukipita tu."

Wengine walifurahi. Wao pia walikuwa wamechekwa. Filbert peke yake aliniangalia. "Mzee, hata tukifika mtoni tusiite?"

"Hata hapo."

Hakubisha. Mimi ndiye nilikuwa kiongozi, naye alikuwa na mke juu ya machela.

Tulishuka vizuri. Njia inateleza lakini wanaume wale walijua kazi. Skolastika alikuwa anaguna kila uchungu ukija, na Bibi Veronika akitembea pembeni mkono wake uko chini ya blanketi. Tulivuka gogo. Karibu na mto kuna shamba la kabichi la Bakari, Mwislamu, mtu mwema, tumebeba naye mara nyingi. Alikuwa anapalilia. Alituona tunatokea kwenye ukungu: wanaume kumi na wawili, kimya, mtu amefunikwa uso. Akasimama wima. Akaweka jembe chini. Nikamsikia anasema, taratibu, "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun."

Nilimsikia. Vijana, hapa ndipo nataka msome polepole. Nilikuwa hatua tano kutoka kwake. Neno moja tu lilitosha: "Mgonjwa, Bakari." Nikafikiri, nikifungua mdomo ataleta bega lake, na akileta bega, habari itafika kwa Benedikto kwamba tumeomba msaada mtoni kama kawaida yetu. Nikafikiri pia kwamba nitamweleza wakati wa kurudi. Nikainamisha kichwa, nikapita.

Nyuma yangu nikasikia Bakari anaita kuelekea juu, kwa ile sauti ya kuvusha bonde. Akaitika mtu kule mgongoni. Yule akamwitia mwingine. Mnajua jinsi habari inavyopanda huku kwetu. Sisi tulikuwa tumeanza kupanda kwa mguu, habari ilikuwa imeshafika kanisani.

Tulikuwa nusu ya mlima kengele ilipolia.

Kengele ya kigango chetu mnaijua. Ya ibada inapigwa harakaharaka. Ya msiba inapigwa moja, unahesabu hadi kumi, inapigwa nyingine. Ilipiga moja. Sote tulisimama bila kuambiana. Ikapiga nyingine.

Chini ya blanketi Skolastika akauliza, "Nani amekufa?"

Kila mtu aliangalia miguu ya aliye mbele yake.

"Filbert. Nani amekufa?"

"Sijui, mke wangu."

Ikapiga ya tatu. Sote tulikuwa tumeshaelewa, na yeye hakuwa mjinga. Akasema kwa sauti ndogo, "Hiyo ni yangu?"

Halafu akanyamaza. Tangu kulipokucha alikuwa anaguna kila uchungu ukija, na sasa uchungu ulikuja, nikauona ukimkunja mwili mzima, naye hakutoa hata pumzi. Bibi Veronika akaingiza mkono, akamshika shavu, akampigapiga. "Skolastika! Mwanangu! Lia! Lia basi!" Hakulia. Yule mama akanigeukia. Sijawahi kuangaliwa hivyo na mtu, wala sitaki tena.

"Fungua huo mdomo, Kandidi."

Nikaufungua. Haikutoka kitu. Nilikuwa nimepanda mlima mzima nimebana meno, koo limekauka, nikatoa mlio kama wa kuku anayekabwa. Nikameza mate. Nikaita tena: "Mgonjwa! Mgonjwa! Mabega!" Sauti ikagonga ukungu, ikarudi. Kengele ikapiga juu yake. Wote kumi na wawili wakaanza kuita, na kengele inaendelea. Mpiga kengele yuko ndani ya mnara wake, anasikia nini?

Pale kwenye kona wakatokea watu. Benedikto mbele, nyuma yake wanaume wanane au tisa wa Mtakatifu Anna. Wana majembe na sepetu. Ilikuwa zamu ya jumuiya yao kuchimba makaburi, na kengele ikilia huku hakuna anayesubiri kuitwa. Benedikto alikuwa ameshavua kofia. Alikuja mikono mbele, uso umesawijika.

"Poleni, mghoshi," akaniambia. Ndivyo tunavyoitana wanaume huku tukiheshimiana. "Poleni sana. Wengine nimewaacha wanapima..."

Bibi Veronika akavuta blanketi.

Skolastika alikuwa amefumbua macho. Aliyatazama yale majembe, moja moja. Akazitazama sepetu. Kisha akamtazama Benedikto, na kwa adabu aliyolelewa nayo, midomo imepauka, akasema:

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba," Benedikto akajibu. Jembe likamtoka mkononi likaanguka kwenye mawe.

Hakuna aliyecheka siku hiyo. Mtu mmoja tayari alikuwa anakimbia kurudi juu kunyamazisha kengele, wengine wamerusha majembe vichakani, wameingia chini ya miti. Benedikto akaingia mbele yangu, nyuma ya mgongo wa Filbert. Tulipofika juu kanisani, akageuza kichwa kidogo tu.

"Mabega yetu yamekukosea nini, Kandidi?"

Hakungoja jibu. Akauliza watu wake, "Gari lipo?"

"Limeondoka," mmoja akasema. "Mtu mliyemtuma kaita kutoka barabarani: dereva kasikia kengele. Kasema kama ni maiti yeye hawezi kupakia pamoja na kabichi za watu. Kawasha, kaenda."

Filbert akasimama. Machela nzima ikasimama naye. Kutoka pale hadi hospitali kwa miguu ni safari ya hadi jioni, na Bibi Veronika alikuwa anatikisa kichwa, hapana, hapana.

Bakari alikuwa ametufuata kutoka mtoni, sijui alisikia tulipoanza kuita, amefika anahema, viatu mkononi. Alikuwa amesikia habari ya gari. Akasema, "Barabara inazunguka. Mimi sizunguki." Barabara yetu ya kushuka mnaifahamu, inapinda na kupinda kufuata mlima, lakini mtu anayejua anaweza kukata moja kwa moja kupitia kwenye mikaratusi na kuliwahi gari kona ya tatu au ya nne. Ni mahali pa mbuzi. Bakari akatoweka kwenye ukungu, tukasikia mawe yanaporomoka chini ya miguu yake, halafu hatukusikia tena.

Sisi tukaenda, na sasa kwa sauti. Watu walitoka kila mlango. Wanawake wenye vitenge kichwani, mwinjilisti wa Walutheri amevaa mabuti ya shamba, akina baba ambao sijui majina yao hadi leo. Mabega yalikuwa mengi kuliko miti, wengine wakawa wanashika mkono wa mwenzao tu asiteleze. Na katikati ya kelele zile Skolastika akaguna. Bibi Veronika akainua mikono juu akasema, "Asante Yesu, anaumwa!" Sijawahi kusikia mtu akishukuru maumivu kiasi kile.

Tulipotokea barabarani palikuwa patupu. Alama za matairi na majani ya kabichi, basi. Tukasimama na machela mabegani. Hatukuiweka chini. Tulibadilishana, tukabadilishana tena. Filbert hakukubali kubadilishwa. Nilisali siku hiyo, lakini si rozari. Nilisema, Mungu, nichukue mimi, mara nyingi, bila mpangilio.

Mwishowe mlio wa injini ukasikika chini, unapanda. Pikapu ikatokea kwenye kona, Bakari amesimama nyuma juu ya kabichi, suruali imechanika, goti linatoka damu, anapunga shati lake. Dereva uso ulikuwa umempauka kwa hofu. Kabla hajazima gari akina mama wameshapanda, wanazitupa kabichi chini kutengeneza nafasi, zinabiringika hadi mtaroni.

Skolastika alipona. Mtoto, wa kiume, hakupona.

Nilimuuliza daktari, mimi mwenyewe, kofia mkononi. "Kama tungefika mapema?" Alikuwa kijana mwenye macho yaliyochoka. Akasema, "Mzee, sijui. Labda. Labda pia isingebadilisha kitu. Sijui." Angesema ndiyo, ningejua nimeua. Angesema hapana, ningelala. Nilipewa hiyo "sijui", na bado ninayo.

Walichimba kaburi watu wa Mtakatifu Anna. Lilikuwa fupi sana, walimaliza upesi. Skolastika aliporudi nyumbani, akina mama wa jumuiya zote mbili walipanga zamu za uji, maji na kuni. Wanaume walilima shamba la Filbert likaisha kwa siku mbili. Mimi sikwenda. Jumamosi tatu sikutokea kwenye jumuiya, nikisema mgongo unauma. Watu walidhani nina huzuni. Walinihurumia, mnaelewa? Kila mtu alijua nilikataza kuita, hilo lilijulikana, wakasema ni kosa, mzee amekosea, Mungu amsamehe. Lakini la Bakari pale mtoni hakulijua mtu ila mimi. Bakari mwenyewe aliamini sikumsikia. Alinijia nyumbani kuniomba radhi kwa kuita msiba. Yeye, mwenye goti bovu, ananiomba radhi mimi! Nikamkaribisha chai. Akanywa, akaondoka, na sikumwambia.

Baada ya hapo sikuweza kula. Nikaenda kwa Skolastika. Alikuwa uani anamenya viazi, amekonda.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Nimekuja kusema kosa."

"Sema."

Nikamwambia yote. Kwamba Bakari alisema maneno ya msiba, kwamba nilimsikia hatua tano tu, kwamba ningeweza kusema na sikusema, na kwa nini. Aliacha kumenya.

"Ulimsikia?"

"Nilimsikia."

Nilitamani anipige na kile kisu. Halafu akachukua kiazi kingine.

"Hili sikulijua," akasema. "Nilidhani ni ukungu. Nenda kamwambie Filbert. Usimtume mtu, wala usipitie kwa padri. Halafu Jumamosi uwaambie jumuiya, na Bakari aitwe. Nitakuwepo nisikie."

Nilimwambia Filbert shambani kwake. Alinisikiliza hadi mwisho ameegemea jembe, kisha akaendelea kulima kama sipo. Jumamosi nikasimama mbele ya watu, Benedikto na watu wake wamekuja, Bakari amekaa karibu na mlango. Nikasema. Filbert alitoka kabla sijamaliza. Bakari aliinamisha kichwa akasema tu, "Ungeniambia siku ile ya chai." Nikawaambia nimeacha uongozi wa machela, wamchague mwingine. Wakachagua.

Filbert hakunisalimia tena. Nyumba zetu zinatazamana, kisima kimoja, njia moja kwenda kanisani. Kwenye misa, wakati wa kupeana amani, alikuwa anageukia upande mwingine. Sikumlaumu na simlaumu. Msidhani kwamba ukisema kosa lako watu wanakupigia makofi. Nilisema kwa sababu lilikuwa kweli, na gharama yake nikailipa mwaka mzima na zaidi, asubuhi na jioni, kwa kuangalia mgongo wa jirani yangu.

Skolastika akapata mimba tena. Tulihesabu miezi sote, hakuna aliyesema. Uchungu ukamshika asubuhi, mvua inanyesha ile ile, njia ile ile. Niliona watu wanakusanyika kwao na miti. Nikakaa ndani. Sikuwa na haki ya kutoka.

Mlango ukagongwa. Filbert alikuwa amesimama nje, mvua inamtiririka usoni, anaangalia mahali fulani juu ya bega langu.

"Amesema uite wewe," akasema. Akageuka akaenda.

Nilitoka hata koti sikuchukua. Skolastika alikuwa amelazwa, na safari hii amekataa kufunikwa uso, mvua inampiga, Bibi Veronika anamkinga kwa jani la mgomba. Aliniona. Filbert alikuwa kwenye mti wa mbele. Nikapita mbele yake, nikaita kuanzia mlangoni: "Mgonjwa! Mgonjwa! Mabega!" Niliita njia nzima ya kushuka. Tulipofika kwenye gogo Bakari alikuwa ameshavuka kuja upande wetu, anachechemea, bega liko tayari. Niliita tulipoanza kupanda, na kutoka juu mgongoni nikamsikia Benedikto na watu wake wanaitika, wanashuka kutupokea.

Nusu ya mlima, palepale, sauti ikaniishia. Koo lilikuwa limekauka tena, umri nao. Nilijaribu mara ya kwanza, nikajaribu ya pili, ikatoka hewa tupu. Nikaogopa kama sijawahi kuogopa, kwa sababu kimya kilikuwa kimerudi, na nikasikia Skolastika nyuma yangu ameacha kuguna, anasikiliza.

Filbert akavuta pumzi. Hakuniangalia. Macho yake yalikuwa kwenye njia, bega lake chini ya mti, na akaipokea kutoka kwangu kama watu wanavyopokezana machela, bila kusimama:

"Mgonjwa! Mgonjwa! Mabega!"